Jina Juu ya Bahasha

Masomo ya kusoma kwanza: Luka 14:7-14, Filemoni 1-3, Warumi 16:3-5, Yakobo 2:1-4



Mavuno yakiisha hapa Ugogo, na uwele na mtama vikishaingia ghalani, ndipo harusi zinapofuatana Jumamosi kwa Jumamosi. Wengi wenu mna kadi mbili tatu mezani, au ndani ya simu. Mwezi huu twapenda tujifunze kazi moja ambayo kamati za harusi huifanya usiku, kwa haraka, kikao cha mwisho kikiisha kufungwa: kuandika majina ya waalikwa. Yaonekana kazi ndogo, lakini tumeona jinsi inavyoweza kumheshimu mtu au kumwaibisha mbele ya watu.

Yatupasa tuanze na kosa letu wenyewe. Kwa kuwa tulikuwa walimu na mwandiko wetu husomeka, kamati nyingi zimetupa kazi hiyo ya kadi. Mwaka mmoja tuliandikia nyumba ya bwana mmoja aliyekuwa akifanya kazi mjini. Mke wake wa ndoa alikuwa kijijini, akilima na kuwatunza wazazi wa mumewe. Tuliandika "Bw. na Bi.", kisha jina la mume peke yake, tukaifunga bahasha.

Siku ya harusi yule bwana alifika mapema pamoja na mwanamke mwingine. Kadi ilikuwa ya watu wawili. Vijana wa mlangoni waliwahesabu wawili, wakaiweka alama kadi yao, wakawaonyesha viti. Baada ya saa moja akafika mkewe. Wifi yake alikuwa amempelekea habari kwamba nyumba yao imealikwa, naye alipanda lori tangu alfajiri. Vumbi la njiani lilikuwa bado miguuni, na nguo aliyovaa ilikuwa mpya, imeshonwa kwa ajili ya siku ile. Vijana wakamwambia, "Mama, kadi ya nyumba hiyo imekwisha kutumika." Hakubishana nao. Aliketi kwenye benchi la nje, karibu na wapishi, mpaka mama mmoja alipomtambua akaja kutuita. Tulipotoka alituuliza neno moja tu: "Mwalimu, jina langu mliliandika?"

Jina lake tulilijua. Tulikuwa tumeimba naye kwaya. Lakini hatukuliandika. Kama tungaliliandika, hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kukaa mahali pake bila kusema uongo mlangoni. Somo hili limetoka katika benchi lile.

1. KANISA HUANZA KWA JINA

Wale waliofundishwa kipaimara kwa Katekisimo ya zamani, iliyomo katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, watakumbuka swali lake la kwanza. Halimwulizi mtoto kwanza anaamini nini, wala baba yake ana cheo gani. Linamwuliza jina lake nani. Na swali la pili lamwuliza ni nani aliyempa jina hilo. Naye hujibu kwamba alipewa na wadhamini wake katika ubatizo. Basi kila mwanamke aliyebatizwa katika kanisa letu analo jina alilopewa mbele ya Mungu kabla hajawa mke wa mtu, na kabla hajaitwa mama wa mtu.

Tazama pia jinsi Mtume Paulo alivyoandika barua zake. Barua ya Filemoni ni fupi kuliko zote alizotuachia, na habari yake ni ya mtumwa Onesimo aliyemtoroka bwana wake. Mtu angeweza kusema kwamba hilo ni jambo la mwenye nyumba peke yake. Hata hivyo Paulo, baada ya kumtaja Filemoni, anamtaja Afia kwa jina lake, kisha Arkipo, kisha kanisa lililomo nyumbani. Wafafanuzi wengi hudhani Afia alikuwa mke wa Filemoni. Paulo hakuandika "Filemoni na mkewe".

Hali kadhalika Priska na Akila. Katika Warumi 16 mke ametajwa kwanza. Katika 1 Wakorintho 16:19 mume ametajwa kwanza. Paulo hakuona taabu kwa njia hii wala ile. Ila hakuna mahali alipomtaja mmoja akaliacha jina la mwenzake.

2. KADI YA MMOJA NA KADI YA WAWILI

Tulipokuwa watoto, mwaliko wa harusi vijijini uliletwa kwa miguu. Mjumbe alisimama uani akaamkia "Mbukwenyi", nayo ni salamu ya watu wengi, na wote waliokuwamo katika kaya ile wakajua kwamba wamealikwa. Hapakuwa na haja ya kuuliza nani amehesabiwa na nani hakuhesabiwa. Aliyefika alikula, na chakula kikipungua, majirani waliongeza.

Siku hizi harusi nyingi za mjini hufanyika ukumbini, na ukumbi hulipiwa kwa idadi ya viti na sahani. Ndiyo maana tuna kadi za "singo" na kadi za "dabo". Hatuzilaumu. Mwenye harusi akikaribisha watu mia tano kwa chakula cha watu mia tatu atawaaibisha wageni wake na kujiachia deni. Lakini kuna desturi moja iliyoingia ambayo twaona haifai katika nyumba ya Kikristo, nayo ni kupima kadi ya mwaliko kwa mchango. Aliyetoa kiasi kikubwa apewa dabo, na aliyetoa kidogo apewa singo, hata kama ni mzee aliyeishi na mkewe miaka arobaini.

Hebu soma tena Yakobo 2:1-4. Mtume anakemea kusanyiko linalompa tajiri mahali pazuri na kumwambia maskini asimame pembeni. Sasa, tukimwambia mume njoo na mke abaki, kwa sababu mchango wao haukutimia, tumefanya nini? Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na Bwana wetu amefundisha kwamba mume na mke si wawili tena bali mwili mmoja. Kadi ya mchango ina hesabu zake, na mweka hazina azitunze vema. Kadi ya mwaliko ifuate nyumba. Fedha zikiwa haba, ni heri kualika nyumba chache, kila nyumba kwa ukamilifu wake, kuliko kualika nusu nusu za nyumba nyingi.

3. NAMNA YA KUANDIKA

Tuchukue watu wa Biblia kama mifano, maana hao hawatatukasirikia.

(a) Mume na mke. Andika majina ya wote wawili: "Bw. Zakaria na Bi. Elisabeti", kisha jina la ukoo. Kadi nyingi huchapwa na mstari wenye vyeo vingi, kama vile Mhe., Dkt., Bw., Bi., halafu nukta nyingi. Usiiache kama ilivyo. Kata kwa kalamu na rula vyeo visivyohusika, ili msomaji asidhani umeshindwa kumjua.

(b) Mke mwenye cheo au kazi yake. Hapa Dodoma jambo hili limekuwa la kila siku. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa wingi baada ya mwaka 2016, viti vyetu vya kanisani vimejaa watu wa Kagera, Kilimanjaro, Mara na Mbeya, na wengi wa akina mama hao ni wauguzi, walimu, wahasibu na mahakimu. Vyeti vyao vina majina ya baba zao, na kazini hujulikana kwa majina hayo. Mwulize mwenyewe atumia jina gani, kisha uandike hilo: "Mwl. Priska na Bw. Akila". Mume hapungukiwi kitu akitajwa wa pili. Na mke wa mchungaji asiandikwe "Mama Mchungaji" peke yake. Tumwite hivyo kwa heshima tunapoonana, lakini bahasha ibebe jina lake la ubatizo. Vivyo hivyo kwa wale tunaowaita mama wa mtoto fulani. Katika mtaa mmoja wanaweza kuwapo akina Mama Neema watano.

(c) Mjane. Luka 2:36-38 yatupa habari za Ana, aliyekuwa mjane tangu ujana wake. Luka anataja jina lake, jina la baba yake Fanueli, na kabila yake Asheri. Jina la marehemu mumewe hakulitaja. Basi usimwandikie mjane "Bi." na kufuatisha jina la mumewe peke yake, kana kwamba yeye ni kivuli cha kaburi. Tena tumeona kamati ikimshusha mama kutoka dabo mpaka singo mara tu anapofiwa. Mwaka jana waliitwa wawili. Mwaka huu aambiwe aje peke yake na arudi saa nne ya usiku kwa bodaboda! Mwachie nafasi ya pili, na umwulize atafuatana na nani: binti yake, dada yake au mjukuu. Kisha uandike jina la huyo naye. Mgane atendewe vivyo hivyo.

(d) Wasio na ndoa. Martha, Maria na Lazaro waliishi Bethania. Maandiko hayawaiti "familia ya Lazaro". Mtu mzima anayeishi nyumbani kwa ndugu zake apewe kadi yake mwenyewe. Mwanamke mzima asiyeolewa ni "Bi.", sawasawa na wenzake. Wala usimwandikie "na mwenzi wako" kama hujui kwamba anaye, kwa maana unamuuliza swali hadharani ambalo hakukuomba umuulize. Kama nafasi ya pili ipo, mwambie kwa mdomo, akutajie jina.

(e) Wachumba. Yusufu na Mariamu, kabla hawajakaa pamoja, kila mmoja alikuwa na kwao. Basi kila mmoja aandikiwe kadi yake, ipelekwe kwao. Usitangulie kuwaandika "Bw. na Bi." Matangazo yao ya ndoa hayajaisha, nawe umekwisha kuwafungisha!

(f) Neno "na familia". Neno hili ni tamu, lakini kwetu familia haina ukuta. Tuliwahi kuandika "na familia" tukifikiri watoto wawili, wakaja watu kumi na mmoja, wote ndugu wa kweli. Kosa halikuwa lao. Kama watoto wamealikwa, wataje. Kama hawakualikwa, usiandike neno litakalowadanganya.

Na pale unapokosa kabisa cheo cha mtu? Wazee wenzetu watakumbuka miaka ile baada ya Azimio la Arusha la 1967, ambapo "Ndugu" lilitosha kwa waziri na kwa mkulima, kwa mwanamume na kwa mwanamke, aliyeolewa na asiyeolewa. Neno hilo bado ni zuri, tena ni la kanisa tangu zamani. "Ndg." na jina kamili ni afadhali kuliko "Bi." la kubahatisha.

4. NYUMBA ZENYE UGUMU

Kuna nyumba ambazo mwandishi wa kadi hufika akaishika kalamu bila kuandika.

Kwanza ni nyumba ya wake wengi. Kanisa letu lafundisha ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, na katika hilo hatuna maneno mawili. Lakini tunao majirani na ndugu ambao ndoa zao ni za mitala, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitambua. Elkana alikuwa na wake wawili, na Biblia inawataja: Hana na Penina. Haisemi "mke mkubwa na mke mdogo". Mkiwaalika, kila mmoja apewe kadi yenye jina lake. Kumpa mume kadi moja ya watu wawili ni kumwambia achague mke mbele ya watoto wake, na ugomvi huo mtakuwa mmeupeleka ninyi.

Pili ni wanaokaa pamoja bila ndoa. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 160, yasema kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mume na mke, hudhaniwa kuwa wamefunga ndoa mpaka ithibitishwe vingine. Hiyo ni kazi ya mahakama. Kuwafundisha juu ya ndoa takatifu ni kazi ya mchungaji. Mwandishi wa kadi hakupewa kazi hizo mbili. Yeye aandike jina kamili la bwana na jina kamili la bibi, moja chini ya lingine, bila kuwaunganisha kwa "Bw. na Bi." Hivyo hajasema uongo, wala hajamtukana mtu. Tumeona watu wa namna hiyo wakija harusini, wakasikiliza mahubiri, na baadaye wakamwendea mchungaji kuuliza juu ya matangazo yao wenyewe. Wasingalialikwa, wasingalisikia.

Tatu ni waliotengana. Hao waandikiwe kadi mbili, zipelekwe nyumba mbili, na wapangiwe meza mbili. Usimpe mmoja bahasha ya mwenzake aipeleke.

Nne ni ile nyumba tuliyoanza nayo. Mume ana mke wa ndoa, na tena ana mwingine mjini ambaye watu hunong'ona habari zake. Hapa tusijifanye hatujui. Mwalikwa ni mke. Jina lake liandikwe wazi, na kadi yake, au habari ya kadi, imfikie yeye mwenyewe. Katekista wa kijiji chake atasaidia. Hatumtangazi mume wala hatumshtaki mtu. Ila tumekataa kuacha nafasi tupu ambayo mtu mwingine aweza kuijaza.

5. WAJIBU WA ALIYEALIKWA

Adabu ina pande mbili. Katika Luka 14 Bwana Yesu alizungumza na wageni kabla hajazungumza na mwenyeji. Basi ukipokea kadi, soma imeandikwa nani. Kama ni jina lako peke yako, usije na rafiki. Ukiwa na sababu ya kweli, kwa mfano macho hayaoni vizuri usiku, mwendee katibu wa kamati mapema, umweleze. Usisubiri kubishana na vijana wa mlangoni. Kama huwezi kufika, toa habari, na usimpe kadi mtu mwingine kana kwamba ni tikiti ya basi. Ukiona jina lako limekosewa, samehe kwanza, kisha usahihishe kwa upole. Na kama hukualikwa kabisa, usihesabu kwamba umechukiwa. Viti vya ukumbi vina mwisho, ila ibada ya ndoa kanisani mlango wake u wazi kwa wote.

Na wanakamati, fanyeni hivi. Andikeni orodha ya waalikwa katika daftari siku nyingi kabla ya kadi kuchapwa: jina la kwanza la kila mtu, jina la ukoo, na mahali anapokaa. Orodha hiyo isomwe kwa sauti kikaoni, jina kwa jina. Mahali palipoandikwa "na mkewe" au "na mumewe", mwenyekiti asimamishe kikao aulize, "Anaitwa nani?" Asipopatikana anayejua, atumwe mtu akaulize. Kadi za simu zifuate njia hiyohiyo, tena kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa kosa la simu hufika kwa watu wote kwa dakika moja.

Tumalizie habari ya yule mama. Siku ile tulimshika mkono, tukamwingiza, tukampa kiti chetu. Mumewe alimwona, akatazama chini. Mama alikula, akawapa maharusi zawadi yake, akaondoka kabla ya muziki. Hajatulaumu hata mara moja tangu siku ile, na jambo hilo hutulemea kuliko lawama. Mwaka uliofuata palikuwa na harusi nyingine katika mtaa wetu. Tulimwandikia kadi yake, majina yote mawili, herufi kubwa na safi kama za ubaoni. Alikuja, akaitoa mwenyewe mkobani pale mlangoni, akasimama mpaka yule kijana aliposoma jina lake kwa sauti.

Wapendwa, Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kwa majina (Yohana 10:3), na karamu ya arusi ya Mwana-Kondoo ina wageni walioalikwa (Ufunuo 19:9). Hakuna hata mmoja wetu anayetamani kufika pale na kukuta ameandikwa "na mwenzake". Basi tuwaandike wenzetu kama tunavyotumaini kuandikwa.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA VIKUNDINI

1. Katika Filemoni 1-3, Paulo amewataja watu wangapi kwa majina? Kwa nini hakutosheka na jina la mwenye nyumba?

2. Je, kamati za harusi za mtaa wetu zagawa kadi za mwaliko kwa kufuata nyumba au kwa kufuata mchango? Tufanye nini?

3. Wataje wajane watatu wa mtaa wako kwa majina yao ya ubatizo. Kama huyajui, utayajua lini?

4. Umewahi kuingia kwa kadi isiyokuwa na jina lako? Nani alikosa nafasi?

TUOMBE

Ee Bwana Yesu, uliyealikwa arusini Kana ukaenda pamoja na wanafunzi wako, tusaidie kuwapokea watu kwa majina yao. Utusamehe wale tuliowaacha nje kwa haraka zetu. Na majina yetu, ambayo wewe wayajua, uyatunze mpaka siku ya karamu yako. Amina.